Hiyo "k" unayonijibu

Mwanangu mpenzi,

Huku sote wazima, ila bibi yako goti bado linamsumbua.

Juzi nilikuandikia ujumbe mrefu, ukanijibu herufi moja: "k". Baba yako akalalamika kwamba watoto wa siku hizi hata "oke" inawashinda kumaliza. Mimi nikacheka, maana neno lenyewe lilizaliwa kwa mchezo wa namna hiyohiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1830, magazeti ya Boston huko Marekani yalikuwa na mtindo wa kufupisha maneno, na utamu wake ulikuwa kuyakosea makusudi kwanza. "All right" wakaiandika "oll wright", kisha "O.W." Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post likachapa "o.k.", likaeleza palepale kuwa maana yake ni "all correct", yaani yote sahihi, ila kwa kuikosea makusudi ikawa "oll korrect". Uchokozi ulioje! Wanasema kila kitu ni sahihi, na herufi zote mbili ni za makosa.

Vifupisho vingi vya wakati ule vimekufa. OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena. Kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, basi wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook, na kuunda vilabu vya O.K. Wapinzani nao wakazusha kwamba aliyeanzisha ni Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, eti hakujua kuandika, akawa anatia herufi hizo kwenye nyaraka akidhani ndivyo "all correct" inavyoanza. Uongo mtupu, lakini ulizidi kulitangaza neno. Van Buren akabwagwa na William Henry Harrison, OK ikabaki. Baadaye wapiga telegrafu wakaipokea, wakaitumia kujulisha kwamba ujumbe umefika.

Aliyefukua yote haya kwenye magazeti ya kale ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika miaka ya 1960. Kabla yake kila mtu alikuwa na lake. Rais Woodrow Wilson aliamini ni neno la Wachoktaw, wenyeji wa asili wa Marekani, na akawa analiandika "okeh". Wapo pia wanaolitafutia asili Afrika Magharibi. Ningefurahi mno liwe letu, lakini Read ana gazeti na tarehe mkononi.

Sasa nirudi kwa wale wapiga telegrafu. OK yao ilisema "imefika" tu, haikusema kama mtu amekubali au amenuna. Hata hapa mtaani ni hivyo: fundi cherehani akikwambia "oke mama, Ijumaa", ujue amekusikia, nguo ni habari nyingine. Na wewe nilikuuliza kama hela ya hosteli imetosha na kama kikohozi kimeisha, ukanijulisha kuwa ujumbe umefika. Hilo tiki mbili za buluu zilishaniambia.

Nijibu hayo mawili kabla ya Jumamosi, kwa sababu baba yako anataka kujua atume kiasi gani. Na kama bado unakohoa usiku, nenda zahanati ya chuo, usinunue dawa dukani.

Mama yako