Shangazi, gudulia la Babu halikutoka kwenye ile meli

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum. Natumai joto hili la kaskazi halikunyimi usingizi, na kwamba umeshaliondoa gudulia pale dirishani kama nilivyokuomba.

Idi Pili, watu wamekula wameshiba na sebule imejaa, uliniita mbele ya wote ukaniuliza: "Wewe unayependa vitu vya kale, hebu niambie hili limetoka wapi." Sikutaka kujibu kwa kubahatisha, nikakuomba muda. Sasa jibu ninalo. Nimeona nikuandikie wazi, bila kukutaja jina, kwa sababu hapa Mji wa Kale wa Mombasa, toka Kuze hadi Ndia Kuu, nyumba nyingi zina chombo kama hiki juu ya kabati, kila kimoja na kisa chake, na madalali wanapita mlango hadi mlango.

Nianze na lililo zito. Gudulia la Babu halikutoka kwenye meli ya Wareno. Wala si la Kichina.

Najua kisa kile umekilea miaka mingi, na mimi nimelelewa nacho. Na hakikuzuka bure. Meli yenyewe ni ya kweli: Santo António de Tanná ilizama chini ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira Ngome hiyo ya Wareno. Mazingiwa yalianza 1696 na Ngome ikaanguka Desemba 1698. Wazamiaji walifanya kazi kwenye mabaki yake kuanzia 1977 hadi 1980, na mji mzima ulikuwa ukizungumzia mitungi na mbao zilizokuwa zikitolewa majini. Babu alikuwa mtu wa bahari, gudulia likaonekana nyumbani miaka hiyo hiyo. Mtu akiliona, atasema nini kingine?

Lakini chombo kilichokaa baharini karibu miaka mia tatu hutoka na makovu. Hugandwa na chaza na vijumba vya chokaa vya wadudu wa baharini, na kule kung'aa kwake hufifia. Nimelipitia gudulia letu kwa lenzi ya fundi saa toka mdomo hadi kitako. Halina hata alama moja ya aina hiyo. Ndani ya shingo, mahali ambapo hakuna mkono unaoweza kufika kusugua, panang'aa kama siku lilipotoka tanurini.

Sasa tulitazame lenyewe. Tangu utotoni nilidhani wale korongo weupe na yale mawingu wamechorwa kwa brashi. Sivyo. Shangazi, unalikumbuka kasha la njumu la Bibi? Fundi alitoboa mti, akatia shaba ndani yake, akasawazisha. Gudulia hili nalo ni kazi ya njumu, ila njumu yake ni ya udongo ndani ya udongo. Mfinyanzi husubiri chombo kikauke nusu, kiwe kigumu kama ngozi. Hapo huchonga umbo la ndege kwa ncha kali, akajaza michoro kwa uji wa udongo mweupe, na pale panapotakiwa weusi, kama miguu na ncha za mabawa, hutia udongo wenye chuma ambao utageuka mweusi motoni. Kisha hukwangua juu ili kibaki kile tu kilichoingia mchoroni. Chombo huchomwa mara ya kwanza, halafu hupakwa maji ya madini yenye chuma kidogo sana na kurudishwa tanurini katika moto unaonyimwa hewa. Maji yale huyeyuka yakawa ngozi ya kioo, na ile chembe ya chuma ikikosa hewa ndiyo inayotoa ule ukijani wa bahari iliyotulia alfajiri. Kwa lenzi unaona wazi: kingo za korongo ni kali kama zilizokatwa kwa kisu, na mahali pawili udongo mweupe umefurika kidogo nje ya mstari. Brashi haifanyi hivyo.

Vyombo vyenye ukijani kama huu huitwa seladoni, na hapo ndipo jina la Uchina lilipotuingia. Nilikwenda makumbusho ya Ngome mara tatu nikasimama mbele ya makabati ya vioo hadi mlinzi akazoea uso wangu. Seladoni ya Kichina ipo nyingi pwani yetu. Ililetwa na jahazi za biashara, nyingi ikiwa kazi ya tanuri za Longquan huko Uchina, na magofu ya Gedi pekee yalitoa vipande tele mwanaakiolojia Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948. Wazee wetu waliipenda kauri ya Kichina hata wakaijengea ndani ya kuta na makaburi. Ile nguzo ya kaburi la Mambrui ilipambwa nayo. Lakini tazama mapambo ya ile seladoni: maua yamechongwa au kugandamizwa, kisha yakafunikwa kijani kimoja tu. Weupe na weusi uliojazwa ndani huwezi kuukuta hapo.

Pembeni palikuwa na vipande vya kale zaidi, vya nchi za Kiislamu, ambavyo mafundi wake walipaka udongo mweupe juu ya mwekundu kisha wakakwaruza ili wekundu utokee. Hivyo vilinichanganya siku nzima, maana navyo ni kazi ya kukata. Tofauti ni kwamba yule fundi alikata akaacha wazi, na huyu wetu alikata akajaza.

Nchi iliyoifikisha seladoni ya njumu kileleni ni Korea. Ufalme wa Goryeo ulitawala huko toka 918 hadi 1392. Mwaka 1123 mjumbe wa Uchina aitwaye Xu Jing alifika akaandika kuusifu ukijani wa vyombo vyao, naye alitoka kwenye nchi yenye seladoni yake. Kazi ya njumu ilishamiri baada ya hapo, katika karne ya 12 na ya 13, hasa kwenye tanuri za Gangjin na Buan. Kuna kisa kimoja cha huko ambacho lazima nikupe, maana najua utakipenda. Mwaka 2007, huko Taean, mvuvi alivuta pweza ambaye alikuwa amejigandisha kwenye sahani ya seladoni. Wazamiaji wakashuka, wakakuta mabaki ya jahazi na vyombo zaidi ya 20,000. Pweza, Shangazi! Sisi tuliokula pweza maisha yetu yote hajatuletea hata kikombe.

Umbo la gudulia letu, bega pana, mdomo mdogo, kiuno kinachoshuka chembamba, ni umbo la Goryeo hasa. Na mchoro wake una asili inayojulikana. Lililo mashuhuri kuliko yote liko Seoul, katika makumbusho ya Kansong; Jeon Hyeong-pil alilinunua mwaka 1935 wakati Korea iko chini ya Wajapani, ili lisipotee kwa wageni. Mwili wake wote ni korongo na mawingu. Korongo walio ndani ya duara wanaruka kwenda juu, walio nje ya duara wanaruka kushuka. Nenda kalitazame la kwako. Ni vivyo hivyo.

Usianze kufurahi, Shangazi, nisikilize kwanza. Ulipiga kelele nilipolipindua siku ile, lakini ukweli ulikuwa chini. Sura ya chombo fundi yeyote hodari anaweza kuiiga. Kitako watu hukisahau. Vyombo vingi vya Goryeo vilisimamishwa tanurini juu ya vijiwe vidogo, navyo viliacha alama ndogo nyeupe chini, mara nyingi tatu. Letu halina. Kitako chake kimesawazishwa sana, na kioo kimefutwa kwenye ukingo kwa mstari ulionyooka. Katikati yake pamechorwa ile alama ambayo sote tuliiita "Kichina".

Nilikaa na picha ya alama hiyo usiku kucha. Kilichonizindua ni vile viduara viwili. Maandishi ya Kichina yamejengwa kwa vistari. Duara kamili kama lile si lao. Lakini maandishi ya Kikorea yana herufi ambayo ni duara tupu, na ukiweka ile alama karibu na alfabeti yao, kila kipande kinapata mwenzake. Ni jina la mtu, la mfinyanzi mwenyewe. Alfabeti hiyo ilitangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446. Goryeo ilikuwa imeanguka 1392. Hapana mfinyanzi wa Goryeo aliyeweza kutia sahihi kwa herufi ambazo hazijabuniwa.

Basi gudulia ni la Korea, na ni la karne iliyopita. Ufundi huu ulikuwa umefifia kabisa, mafundi wakaufufua mwanzoni mwa karne ya 20, na baada ya vita vya Korea tanuri nyingi zikakusanyika Icheon, mji ulio karibu na Seoul. Walitengeneza kwa mkono, kwa kuwatazama wa kale, na wageni waliopita walinunua. Mabaharia wakiwemo.

Hapa ndipo roho yangu ilipouma. Nilikuwa na miaka saba au minane, Babu akitusimulia bandari moja ambayo baridi yake ilimfanya ajaze magazeti ndani ya koti. Tulicheka. Alisema alinunua kitu huko kwa pesa yake na akakipakata hadi Kilindini, maana hakumwamini mtu kukifunga. Hakuna aliyemuuliza ni kitu gani. Baadaye, alipokwisha kufariki, tukampa gudulia lake kisa cha meli iliyozama, tena kisa ambacho yeye hayumo. Nimerudi nacho kichwani mara nyingi wiki hizi. Mzee wetu alivuka bahari, akaona kitu kizuri, akakichagua kwa jicho lake mwenyewe katika nchi ambayo hakuijua lugha yake, na sisi tukasema kiliokotwa.

Kuhusu yule mtu aliyekuja na kukwambia ulichovye kwenye chai ya rangi ili nyufa zikolee: nakusihi usifanye. Zile nyufa nyembamba kama utando wa buibui hunywa chai na haitoki tena. Ni hila ya kukizeesha chombo ili kiuzwe kwa uongo, na uongo huo ungesimama kwa jina lako. Bei aliyokutajia ni ya kitu cha kale, na hiki si cha kale. Akikwambia tena useme kilitoka kwenye meli, ujue anakutia matatani zaidi, kwa kuwa mali ya kale inayochimbuliwa nchini ina sheria yake, ya mwaka 2006, na kuitoa nje kunataka kibali. La Babu ni halali yako. Ukitaka kuliuza liuze, ni lako wewe, lakini liuzwe kwa jina lake. Mimi ningeomba lisiuzwe.

Usilisugue kitako kwa steel wool. Ile sahihi imechorwa juu juu, na ndiyo ushahidi wote tulionao. Vumbi lifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, na ukilibeba lishike kwa mikono miwili mwilini, si shingoni.

Limebaki jambo moja. Kitabu chake cha ubaharia, kile cha jalada la bluu, nadhani kimo ndani ya kasha la njumu la Bibi, chini ya zile kanga. Vitabu hivyo hupigwa mihuri ya meli na tarehe. Natafuta bandari za Korea, Pusan au Inchon, na mwaka wake. Nitakuja Ijumaa baada ya swala. Usilifungue kasha peke yako, Shangazi, ile bawaba ya nyuma imelegea na kifuniko ni kizito. Nisubiri tulifungue pamoja.

Mwanao wa Kibokoni