Tofauti ya salio isifutwe kwa kitufe cha marekebisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nipinge ushauri unaosambaa miongoni mwa watumiaji wa programu za kutunza hesabu binafsi: kwamba salio la kwenye programu likikataa kulingana na la taarifa ya benki, bonyeza kitufe cha marekebisho, programu itaandika muamala wa kufidia, basi yamekwisha. Ushauri huo ni mbaya hata tofauti ikiwa ndogo.

Chukua tofauti ya 50. Inaweza kuwa ni makosa mawili yaliyofunikana: matumizi ya 4,450 yaliyoingizwa mara mbili, na makato ya 4,500 ambayo hayakuingizwa kabisa. Ukiandika marekebisho ya 50, muamala uliojirudia unabaki ukichafua ripoti ya matumizi, na yale makato hutayaona tena. Kama hiyo 4,500 ilichotwa na mtu asiyehusika, umeshamfichia.

Njia sahihi ni usuluhishi: kulinganisha programu na taarifa ya benki muamala kwa muamala, ukiweka tiki kwa kila unaoonekana kote kuwili, hadi tofauti iwe sifuri. Kabla ya kuweka tiki hata moja, tazama salio la mwanzo. Programu kama GnuCash hailihifadhi kama namba iliyogandishwa. Hulikokotoa upya kila unapofungua dirisha la usuluhishi, kwa kujumlisha miamala yote ambayo tayari imesuluhishwa, yaani yenye herufi y kwenye safu ya usuluhishi (n ni muamala ambao haujaguswa, c ni uliokwisha kuonekana benki lakini haujafungwa). Kwa hiyo salio la mwanzo lisipolingana na salio la mwisho la taarifa iliyopita, kosa halimo katika mwezi huu. Kuna muamala wa zamani uliofutwa, uliobadilishwa kiasi, au uliovuliwa ile y. GnuCash hutoa onyo unapogusa muamala uliosuluhishwa, ila onyo hilo lina kisanduku cha kutoulizwa tena, na wengi hukiwekea tiki siku ya kwanza kwa sababu kinawakera.

Dawa yake ni kupanga miamala kwa tarehe na kutafuta, ndani ya miezi iliyokwisha kufungwa, wenye n au c ambao kiasi chake ni sawa na tofauti. Ukiupata, urudishie y yake. Usipoupata, huenda umefutwa. Hapo tafuta faili la zamani: GnuCash inayohifadhi kwa XML (muundo wake wa kawaida wa faili) huacha nakala yenye tarehe na saa katika folda ileile kila unapohifadhi, na kwa kawaida huzitunza kwa siku 30. Nakili mojawapo mahali pengine, uifungue, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Usifanyie kazi juu ya nakala pekee uliyonayo.

Mara nyingi aliyefuta muamala huo ni mwenye hesabu mwenyewe, akisafisha miamala iliyojirudia baada ya kuingiza kwenye programu faili la miamala alilopakua benki. Anaona mistari miwili inayofanana, anafuta mmoja, na bahati mbaya anafuta ule wenye y. Kanuni ni rahisi: kati ya pacha wawili, anayeondoka ni yule ambaye hajasuluhishwa.

Lakini pacha wanatoka wapi? Inategemea aina ya faili ulilopakua benki; za kawaida ni OFX, CSV na QIF. Katika OFX kila muamala hubeba kitambulisho chake, FITID, na programu ikikutana nacho mara ya pili huuacha muamala huo. Ulinzi huu huvunjika benki ikibadilisha vitambulisho, au ukipakua muamala ungali unasubiri kisha ukaupakua tena umekamilika. CSV, ambayo ni jedwali la maandishi matupu, kwa kawaida haina kitambulisho cha namna hiyo. Programu hukisia kwa tarehe, kiasi na maelezo, kwa hiyo faili mbili za CSV ambazo siku zake zinaingiliana ni mwaliko wa pacha. Anza faili jipya siku moja baada ya lile la mwisho kuishia. QIF nayo ina ugonjwa wa tarehe: 03/04 ni 3 Aprili au 4 Machi? Kama faili halina siku inayozidi 12, programu haina namna ya kujua yenyewe, nawe utaona miamala imetawanyika hadi miezi ambayo haijafika. Hapo usirekebishe mmojammoja. Futa kundi zima uliloingiza, chagua mpangilio sahihi wa tarehe, uingize upya.

Pacha wabishi zaidi ni uhamisho kati ya akaunti zako mwenyewe. Faili la akaunti ya kwanza linauandika, na faili la akaunti ya pili linauandika tena. Unapoingiza faili la pili, kwenye dirisha la programu linaloongoza uingizaji, chagua kuuoanisha na uliopo badala ya kuongeza mpya.

Salio la mwanzo likiwa sawa na bado kuna tofauti, kwanza isikilize namba yenyewe. Je, ipo kama ilivyo kwenye taarifa ya benki? Basi kuna muamala ulioachwa, na watuhumiwa wa kwanza ni riba na ada za mwezi. Igawe kwa mbili: tofauti ya 7,200 na muamala wa 3,600 maana yake ni kwamba fedha iliyorudishwa kwako imeandikwa kama malipo, au kinyume chake. Igawe kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, pengine tarakimu mbili zimebadilishana nafasi: 5,820 ikiandikwa 5,280, tofauti ni 540, na 54 ni 9 mara 6, kwa hiyo tafuta kiasi ambacho tarakimu zake za mamia na makumi zinapishana kwa 6. Sifuri ikizidi, kugawa kwa tisa kunakupa jibu lenyewe: 1,250 ikiandikwa 12,500, tofauti ni 11,250, igawe kwa 9 upate 1,250. Zikizidi sifuri mbili, jambo la kawaida pale nukta ya senti inapomezwa wakati wa kuingiza CSV, gawa kwa 99.

Hesabu hizi hufanya kazi kosa likiwa moja. Yakiwa mengi, ikate taarifa katikati. Taarifa nyingi huonyesha salio baada ya kila muamala. Chukua mstari wa 40 katika taarifa ya mistari 80, tumia tarehe yake na salio lake kana kwamba ndipo taarifa inapoishia, kisha weka tiki kufikia hapo tu. Tofauti ikiwa sifuri, nusu hiyo ni safi, maliza usuluhishi wake na uendelee na nusu ya pili. Ikiwa si sifuri, kata tena: 20, 10, 5. Kosa moja katika mistari 80 linanaswa kwa ukataji usiozidi saba. Njia hii haina mvuto, lakini ni nadra ikushinde, na ningeshauri kuianza mapema kuliko kukodolea macho ukurasa mzima.

Tarehe nazo husumbua bila sababu. Malipo ya kadi ya tarehe 30 ambayo benki imeyapokea tarehe 2 ni ya taarifa ijayo. Yaache bila tiki, wala usibadilishe tarehe yake ili kuyalazimisha.

Kwa anayeanza GnuCash leo, salio la kufungulia akaunti ni muamala kama mwingine, na huingia ukiwa na n. Usuluhishi wa kwanza utaonyesha salio la mwanzo la sifuri hadi uuwekee tiki, na hilo si kosa. Kwenye kadi ya mkopo angalia alama ya kutoa: deni linaweza kutakiwa kama namba chanya au hasi kulingana na mipangilio, na tofauti ikiwa mara mbili ya deni lote, geuza alama ya salio la mwisho kabla ya kugusa kingine. Malipo ya fedha za kigeni yaandikwe kwa kiasi ambacho benki imekata kweli. Ukikokotoa mwenyewe kwa kiwango ulichokiona mtandaoni, tarajia senti kadhaa za tofauti kila mwezi.

Wako,
Mtunza vitabu