Asante kaka fundi wa Majengo

Kaka uliyekuwa kibanda cha fundi redio, soko la Majengo hapa Dodoma, asante sana. Mota ya boti ya rimoti ya mwanangu iliungulia bwawa la Hombolo, na madukani kila mtu alinisukumia mota yenye namba kubwa. Wewe ulianza na betri: volti 11.1. Ukapiga hesabu kiganjani kwa kalamu: mota isiyo na brashi ya KV 4000, yaani mizunguko 4,000 kwa dakika kwa kila volti, ingezunguka mara 44,400 kwa dakika bila mzigo; na kwa pangaboi lile, ingeunguza hadi kidhibiti mwendo. Ukanichagulia ya KV 2000, ukaijaribu kwenye karai la maji huku ukigusagusa nyaya kama zinachemka. Jamani wauzaji, mpigieni mteja hesabu kwanza! Hela ya ufundi uliikataa. Ukipita Hombolo Jumapili, soda yako ipo.