Shukrani kwa Mama wa Ofisi ya Kumbukumbu, Milwaukee

Napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa mama aliyetuhudumia katika ofisi ya kumbukumbu mjini Milwaukee, Marekani, ambaye kwa bahati mbaya hatukulijua jina lake, kwa namna alivyotusaidia kufuatilia ukoo wa Kijerumani wa upande wa mume wangu, ambao watoto wetu wamekuwa wakiuulizia kama wanavyoulizia ule wangu wa Tanga.

Tulikuwa tumekwama kwenye sensa ya Marekani ya 1890, ambayo sehemu yake kubwa iliharibika kwa moto wa 1921. Yeye alitueleza kwa subira kwamba kabla ya mabadiliko ya sheria ya 1906 wahamiaji wengi waliomba uraia katika mahakama za mahali walipoishi, hivyo tulitafute palepale kwenye kaunti tamko la babu wa ukoo huo la kuomba uraia, kisha tulilinganishe na hati za ardhi na daftari la ndoa. Tamko lilipatikana, karani akiwa ameliandika jina la ukoo kwa upungufu wa herufi moja.

Lililonigusa zaidi ni sensa ya 1900, ambamo kila mama aliulizwa idadi ya watoto aliowazaa na ya walio hai: kwa bibi yetu, 8 na 5. Mama yule alituonyesha tarakimu hizo kwa kidole, kisha bila kuombwa akatuletea madaftari ya vifo, na wote watatu tumewapata. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mama, na akujalie afya njema.