Wanaofunga duka usiku si wote wezi

Bwana Mhariri,

Katika toleo lililopita mliwaita wezi wafanyabiashara wanaofunga depo (maduka) usiku, wanavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa na kutuachia madeni. Wezi wapo, sikatai. Lakini mimi nauza vitenge soko la Kenya, hapa Lubumbashi, na wengi ninaowaona wakitoroka ni watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia sheria inasemaje.

Tangu Septemba 2012 nchi yetu ya Kongo inafuata sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja. Ile ya kufilisika, iliyorekebishwa mwaka 2015, inamruhusu mfanyabiashara aliyelemewa kwenda Mahakama ya Biashara kabla hajazama, aonyeshe mali na madeni yake, kisha apange na wadai namna ya kulipa. Mahakama ikikubali, mdai mmoja mmoja hawezi tena kumvamia kivyake. Akishindwa kabisa kulipa, ana siku 30 za kwenda kutangaza mwenyewe. Nani hapa sokoni anazijua hizo siku 30?

Sisi tunachokijua ni Bank Lambert, yaani wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Unakopa dola 500, unaacha hati ya parsele (kiwanja chako), mwezi ukiisha unadaiwa 750. Jirani yangu wa meza, mama mwenye watoto wa shule, alikopa kwa huyu amlipe yule, hadi asubuhi moja tukakuta meza tupu. Kabla ya saa tatu wadai wanne walikuwa wamefika. Wa kwanza alibeba mwavuli na kiti, wa pili akataka kubeba meza yenyewe, wakapigana. Wawili waliobaki hawakupata kitu. Na yule mama, kwa kuhamisha bidhaa usiku, alijiongezea balaa: kuwaficha wadai mali kunaweza kuhesabiwa kufilisika kwa hila, nalo ni kosa la jinai.

Tazameni pia vibao vya maduka yetu: “Ets” na jina la kifungua mimba. Ets, yaani établissement, ni biashara ya mtu binafsi, si kampuni. Deni lake ni lako wewe, mpaka nyumba unayolala. Mwenye SARL, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, hasara yake huishia kwenye alichoweka, isipokuwa kama alisaini udhamini binafsi, na benki hupenda sana usaini.

Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipoelemewa na madeni, watu waliketi mezani. Benki ya Dunia ikagharamia kuondoka “kwa hiari” kwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuanzia 2003. Sisemi waliondoka wakicheka, lakini hakuna aliyeona mdai akibeba kiti cha mkurugenzi.

Mwalimu aliyeacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji ana shida zaidi, maana sheria hii ni ya wanaojitegemea kikazi, si ya wenye mishahara. Hilo ni la wabunge.

La kwetu ni dogo. Mahakama itume karani sokoni, hata siku moja kwa wiki, aeleze kwa Kiswahili ni karatasi gani zinatakiwa, na aseme wazi kama daftari la madeni, ambalo ndilo hesabu pekee tuliyo nayo wengi wetu, litapokewa au la. Nanyi, Bwana Mhariri, mtupe nusu ukurasa kwa maelezo hayo. Hao mnaowaita wezi wanalinunua gazeti lenu.

Muuza vitenge,
Soko la Kenya, Lubumbashi