Gari la Baba na hesabu za televisheni

Liège, Jumapili jioni

Mudogo wangu Déo,

Jambo sana. Mwambie Mama makuta, yaani pesa za dawa, yametoka Ijumaa kwa njia ile ile. Aende kuyachukua na Mado, asiende peke yake, na kama wana dola asikubali kupewa franga. Mimi mzima. Kazi ipo, baridi ipo, tuishie hapo.

Sauti zako za WhatsApp nimezisikia zote, hata ile ndefu ambayo jogoo anawika katikati. Sikujibu haraka kwa sababu nikipiga simu tutapandishiana sauti, Mama atasikia, presha itapanda. Kwa hiyo soma polepole, kisha umsomee Baba Mudogo sehemu inayomhusu.

Inayomhusu ni hii. Nimeambiwa kwamba kwenye matanga ya Tantine Véro alisimama mbele za watu akasema mimi huku natengeneza magari ya Wazungu, na gari la baba yangu liko juu ya matofali, kuku wanataga ndani. Watu wakacheka. Na waliocheka nimeshatajiwa. Sasa muulize kwa heshima: redio ya gari hilo iko wapi? Na taa ya kulia? Anajua mwenyewe. Mimi sijawahi kuyasema hayo kwenye matanga ya mtu.

Turudi kwenye dola zako 3,000, unazotaka nitume ili mlitengeneze gari hilo, Peugeot 404 ya Baba, na kuliuza kwa faida. Unasema umepiga hesabu baada ya kuangalia Wheeler Dealers kwenye Canal: wale wawili wamenunua Mercedes chakavu, wamebadilisha vitu vitano, wameiuza kwa faida, yote kwa saa moja pamoja na matangazo. Halafu unaniuliza, «Yaya, kaka yangu mkubwa, na wewe ni fundi, sisi tunakosa nini?»

Kwanza ujue kipindi hicho nakipenda. Yule mrefu mwenye glavu za rangi ya chungwa, Edd China, ni fundi kweli. Akifungua kitu anakueleza kwa nini kimeharibika, na anachoeleza ni sahihi. Kilianza mwaka 2003, mwaka ule ule Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipowatoa wazee kwa départ volontaire, kuacha kazi «kwa hiari», na Baba akaliegesha gari kwa mara ya mwisho, kwa hiyo kipindi na matofali yetu ni rika moja. Lakini siku nyingine usiondoke kwenye kiti kabla ya hesabu ya mwisho. Mwenzake Edd, Mike Brewer, anataja bei ya kununulia, bei ya vipuri, bei ya kuuzia, kisha anashangilia faida. Tafuta humo saa za Edd. Hutaziona. Mikono yake haina bei katika hesabu hiyo, kana kwamba fundi ni mpwa wa nyumbani anayesaidia siku za likizo.

Huku saa moja ya fundi wa magari ya zamani mteja anailipa euro 60 na kuendelea, na usidhani zote zinaingia mfukoni mwangu. Gari likivuliwa hadi bati tupu, likachomelewa, likapakwa rangi na kufungwa upya, saa 1,000 si ajabu. Zidisha mwenyewe: euro 60,000, na hujanunua hata bolti. Ndiyo maana wenye magari haya ni manotari na madaktari wa meno, na wengi wao wakipiga hesabu ya kuuza wanapata hasara. Wanafanya kwa mapenzi. Anayetafuta faida ananunua gari lililokwisha kutengenezwa na mtu mwingine aliyepata hasara.

Edd mwenyewe aliondoka mwaka 2017 na akasema sababu hadharani: chaneli iliona kipindi ni kigumu kukitengeneza kwa mtindo ule, ikataka sehemu za gereji zipunguzwe. Fikiria hilo, Déo. Sehemu pekee ya kweli ndiyo waliyotaka kuipunguza. Wakubwa wa televisheni wanajua mtazamaji anataka kuona kabla na baada. Katikati anakwenda kukojoa.

Nakwambia haya nikiwa nimeyaona kwa macho. Wapiga picha walifika hapa kwetu, chaneli siitaji, walikuwa wanarekodi kuhusu Citroën DS moja. Injini yake ilikuwa imeshawashwa tangu wiki iliyotangulia, inanguruma vizuri. Wakatuomba tujifanye ndiyo mara ya kwanza. Bosi akageuza ufunguo, sisi tukashika vichwa, tukaruka, tukakumbatiana. Wakasema rudieni, mwanga haukuwa mzuri. Tukakumbatiana tena. Mpolandi mmoja, fundi wa injini, alikataa kabisa kukumbatiwa mara ya tatu. Kisha mtangazaji akachukua bomba la rangi, akapuliza ubavuni kidogo, wakapiga picha, akavua ovaroli ikiwa safi kama ilivyotoka dukani. Mlango alioupuliza niliupiga msasa mimi jioni ile, ukarudiwa. Kwenye kipindi jina langu halipo. Mkono wangu wa kushoto upo, sekunde mbili, Mado ameuona na ameutambua kwa ile saa ya Baba.

Wale Wamarekani ndiyo usiseme. Kile cha Chip Foose, Overhaulin', walikuwa wanalichukua gari la mtu kwa hila, wiki moja baadaye anakabidhiwa jipya. Wiki moja inawezekana, sikatai, kama una kundi zima la mafundi wanaopokezana usiku na mchana, michoro imekwisha tayari, na makampuni yanamwaga vipuri ili majina yao yaonekane. Nawe una nani? Una Patou na spana moja. Na kile mlichokuwa mnakiangalia mkiwa wadogo pale kwa Papa Jean, Pimp My Ride, wenye magari walikuja kusema baadaye kwamba gari lilikaa miezi, na kwamba vitu vingine vilitolewa baada ya kamera kuondoka. Televisheni ndani ya buti! Nani aliangalia televisheni ndani ya buti?

Nikitafuta cha kusifu, kuna Car SOS cha Waingereza. Hao wanakuonyesha kutu bila aibu, wanasaga, wanakata, wanakuta shimo nyuma ya shimo. Familia inawapa gari kwa siri, mara nyingi la mtu mgonjwa au aliyekwama na maisha, na mwisho analia. Mimi pia huwa macho yananiwasha. Lakini hapo hakuna anayedai kwamba ni biashara.

Sasa nikueleze kazi yangu mwenyewe, maana hapo Lubumbashi hakuna anayeniuliza, mnauliza Western Union tu. Mwaka huu nimepewa Jaguar Mark 2 ya notari mmoja wa Namur. Kwa nje inang'aa, unaweza kujinyolea ndevu humo. Nikagonga vizingiti vya chini ya milango kwa mpini wa bisibisi: pu, pu, pu. Sauti ya kadibodi. Nikakwangua rangi nikakuta mastiki, chini ya mastiki nikakuta gazeti la Kiflamandi limekunjwa na kushindiliwa, chini ya gazeti hakuna kitu, hewa. Mtu alilipwa kwa kazi ile! Nimekata yote, nimekunja bati jipya, nimechomelea kwa vipande vifupi vifupi nikiacha lipoe ili lisipinde. Kazi ya milango sasa: nafasi kati ya mlango na bodi lazima iwe ile ile kuanzia juu mpaka chini. Ukiona mlango wa gari la zamani unafungwa kwa kidole, jua kuna mtu alipoteza mgongo wake hapo. Notari alikuja, akapitisha ukucha kwenye ule ufa kwa urefu wote, akamuuliza bosi nani amefanya. Bosi akanyoosha kidole kwangu. «Huyu, wa Lubumbashi.» Hakusema wa Kongo, alisema wa Lubumbashi. Nimemfundisha.

Jioni yake nilipanda treni hadi Matonge, mtaa wa Wakongo kule Brussels, nikatafute sombe, majani ya muhogo. Waliniuzia ya barafu, haina ladha, nikaila na bukari, yaani ugali, ya unga usiojulikana umetoka wapi. Msimu wa vumbi umeshaanza huko? Naota harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi jekundu la Katuba, naamka nakuta mvua ya hapa, ambayo haina harufu ya kitu chochote.

Haya, 404.

Unasema ni takataka tunayoipenda kwa sababu ya Baba. Hapana. Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake walilichora Pininfarina wa Italia, na ilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika yaliyowameza wengine. Baba aliponunua ile ya Mgiriki mwaka wa Zaïrianisation, Mobutu aliponyang'anya wageni biashara zao, alijua anachonunua. Unakumbuka alivyokuwa akifungua boneti, injini imelala upande, anasema imejinyoosha kama mzee aliyeshiba bukari? Wahandisi waliilaza hivyo makusudi, digrii 45, ili boneti iwe chini.

Na kuna jambo Baba Mudogo halijui, au analijua sana. Ekseli ya nyuma ya 404 inazungushwa kwa gia ya skrubu, na gurudumu lake la meno ni la bronzi, ambayo sehemu kubwa ni shaba. Huyo mteja wake wa vyuma chakavu, anayetoa dola 400 kwa gari lisilo na redio wala taa, unadhani anapenda magari? Mtu wa Lubumbashi hafundishwi bei ya shaba. Anaitaka ekseli, na betri, na rejeta. Bodi atawaachia kuku.

Kisha ujue kwamba hapa majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi ndiyo inayokula magari haya. Za hapa nyingi zimeoza chini kabla injini haijachoka. Ya kwetu haijawahi kuona chumvi. Mvua imeliona, ndiyo, lakini kila mwaka lina miezi mingi ya ukavu. Naweza kuapa sakafu yake ni nzima kuliko ya 404 yoyote niliyoiinamia huku, isipokuwa pale kuku wanapolala, maana mavi yao yanakula bati.

Kwa hiyo 3,000 situmi. Natuma 250, na nataka risiti. Kuku watoke leo, si kesho. Jenga banda la mabati lililo wazi pembeni, hewa ipite; usilifunike gari kwa turubai, litashika unyevu. Matofali yawekwe chini ya ekseli, yasiwe chini ya sakafu kama yalivyo kwenye picha yako, linajipinda. Mwite yule mzee fundi wa Kamalondo aliyekuwa akimhudumia Baba, kama bado ana nguvu, atoe buji (plagi) zote nne, amimine mafuta kidogo katika kila tundu, aache siku kadhaa, ndipo azungushe injini kwa mkono. Kwa mkono, Déo! Msije mkalisukuma barabarani na vijana kumi mnaimba. Injini iliyokaa miaka yote hiyo ikilazimishwa inavunja ringi, na ringi nitazinunua mimi.

Na habari ya kuanza na rangi, tena nyekundu ya Ferrari, futa. Gari la Baba ni jeupe. Rangi ndiyo ya mwisho, na hata kwenye televisheni ni hivyo, ila wanaikata.

Yule mzee akisema injini imezunguka, nitaanza kutafuta vipuri. Huku na Ufaransa kuna klabu za Peugeot za zamani, raba za breki zinapatikana, glasi ya taa nimeshaiona sokoni Jumapili moja, mwenye nayo ni babu mmoja mgumu lakini tutaelewana. Itachukua miaka. Nikija likizo nitaingia chini yake mwenyewe, na Baba Mudogo anakaribishwa kushika tochi.

Jambo moja limebaki na lisichelewe. Bila carte rose, kadi ya gari, hakuna anayeweza kuuza kitu kwa haki. Iko kwenye sanduku la bati la Mama, chini ya picha za ubatizo, ndani ya bahasha ya Gécamines. Ipige picha pande zote mbili unitumie usiku huu, halafu mpe Yaya Régine akae nayo kwake Kampemba. Baba Mudogo akiuliza, mwambie iko kwangu.

Ni mimi Yaya wako,
Ghislain