Namba yangu kwenye simu yako sio yako kuigawa

Mhariri, naomba nafasi kidogo, hili jambo limenikaa rohoni.

Wiki mbili zilizopita nimeamka nakuta meseji kutoka namba nisiyoijua, imeanza na jina langu halafu neno Uhasibu, chini yake wameandika mwambie fulani alipe deni leo la sivyo picha yake tunaisambaza. Huyo fulani nilifanya naye kazi zamani, hatujaongea karibu miaka minne. Meseji ilitoka kwa programu ya mikopo ya simu aliyokopa huyo mwenzangu. Mi sijawahi kukopa kwenye hiyo programu, hata jina lake nilikuwa silijui, lakini walikuwa nalo langu vile vile alivyonisevu yeye, na kitengo nilichoshahama. Siku anajiunga aliulizwa aruhusu namba zake zionekane, akabonyeza ruhusu, basi zikaondoka zote, ya mama yake, ya daktari wake, yangu, na pengine ya mwanamke aliyebadilisha laini ili mume aliyekuwa anampiga asimpate.

Tunaambiwa kila siku weka paswedi ndefu, usimtajie mtu ile namba ya siri inayokuja kwa meseji, na ni kweli kabisa, ila hayo ni ya kujilinda mwenyewe. Ya kulindana nani anayasema? Kashfa ya Cambridge Analytica, ile kampuni ya mambo ya siasa iliyotumia taarifa za watu wa Facebook, iliyolipuka 2018, waliojaza dodoso la tabia kwenye programu iliyounganishwa na Facebook walikuwa kama watu 270,000 tu, ila Facebook wenyewe walikadiria taarifa zilizochotwa zinaweza kufika za watu milioni 87, maana programu ilikuwa inabeba na za marafiki. Karibu wote hao hawakujaza chochote!

Mwaka 2023 Google walizikataza programu za mikopo zilizoko kwenye duka lao kugusa namba na picha za mtu, hapo nawapongeza, lakini ukitumiwa linki ukapakua nje ya duka lile katazo halikusaidii.

Kwa hiyo ndugu zangu, ingia setingi, tafuta ruhusa za programu, angalia nani anaona namba za watu wako. Mi nimekuta mchezo wa karata na programu ya kupunguza ukubwa wa picha, nimezifungia zote mbili na zinafanya kazi kama kawaida, sasa walikuwa wanazitakia nini? Inauma kwamba zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi.

Yule mwenzangu nilimpigia jioni ile ile. Alilia. Alidhani ni mimi tu niliyetumiwa, kumbe bosi wake wa sasa na mkwewe nao wamepata.

Nawe mhariri, mkiandika habari ya programu mpya msiishie kusema inafanya nini, andikeni na inaomba kuona nini kwenye simu ya mtu.

Msomaji wenu wa kila siku